Kupanga mawe katika tangi jipya la maji ya bahari: somo nililolipata Thimlich Ohinga

Tangi langu la kwanza la maji ya bahari lilipasuka kioo kwa sababu ya jiwe moja. Nilikuwa nimelilaza juu ya mchanga, likapendeza kweli. Samaki wakachimba chini yake siku baada ya siku, mpaka usiku mmoja likabingirika na kugonga kioo. Kulipokucha, sakafu ya nyumba yangu ya kupanga pale Homa Bay ilikuwa imejaa chumvi, na samaki wawili walikuwa wamekufa.

Mtoto wa pwani kupanga mawe vibaya ni aibu. Wazee wetu walijenga Gedi na Lamu kwa mawe ya matumbawe. Lakini wao walikuwa na chokaa ya kuyashika, na ndani ya tangi hakuna chokaa. Aliyenifundisha kujenga bila chokaa si fundi wa Mombasa. Ni ukuta wa mawe wa kaunti jirani ya Migori.

Thimlich Ohinga iko kilomita zipatazo 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori. Ni boma la kale la mawe, linalokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zina kimo cha mita moja na nusu hadi nne na nusu, na unene wa wastani wa mita moja. Hazina udongo wala saruji, na mawe yake hayakuchongwa. Waliohamia humo baadaye walizikarabati, kizazi baada ya kizazi, na hadi leo zimesimama. Nilikwenda kutembea tu, nikarudi na jibu la tangi langu.

Jiwe gani litumike

Kwanza chagua jiwe, maana hapa ndipo wengi hukosea. Jiwe linalofaa maji ya bahari ni la chokaa lenye matundu mengi, yaani tumbawe lililokufa zamani. Sisi wa pwani tunalo tele: lile lile linalochimbwa nchi kavu Kilifi na Kwale kwa kujengea nyumba. Ni mabaki ya miamba ya bahari ya maelfu ya miaka iliyopita. Okota vipande vilivyovunjika machimboni kwa ruhusa ya mwenyewe, chagua vyenye matundu, visugue kwa brashi, uviloweke kwenye maji matamu huku ukiyabadilisha kwa wiki kadhaa, kisha uvianike juani.

Usiende kung'oa jiwe baharini. Ndani ya hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, au Kisite kule Shimoni, hairuhusiwi kuondoa chochote. Hata nje ya hifadhi, kumbuka kwamba joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe yetu. Jiwe unaloling'oa ni nyumba ya samaki ambao jirani yako mvuvi anawategemea.

Mawe ya bara nayo yana hatari yake. Siku ile natoka Thimlich nilipitia Macalder, nikaokota jiwe zuri lenye madoa ya kijani. Mzee mmoja akanitazama akacheka: "Kijana, hilo ni shaba. Unapeleka wapi?" Macalder palikuwa na mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa miaka ya 1960, na hadi leo wachimbaji wadogo wa Migori hutumia zebaki kukamata dhahabu. Shaba hata kidogo sana katika maji huua kamba, konokono na matumbawe. Nililiacha pale pale.

Watu husema jiwe lijaribiwe kwa siki: likitoa povu, ni la chokaa. Ni kweli, lakini siki haikwambii kama kuna madini mengine. Mlima Homa, hapa ninapoishi, una miamba ya volkano yenye chokaa ndani yake, nayo hutoa povu vizuri. Hata hivyo ina madini mengine yasiyotakiwa tangini. Kama hujui asili ya jiwe, liache.

Na ukipewa jiwe lililotoka katika tangi la mtu mwingine, usilichemshe. Baadhi ya viumbe wanaokaa juu ya mawe hayo wana sumu kali, na mvuke wake umewahi kulaza watu hospitalini.

Msingi kabla ya mchanga

Mawe huwekwa kwanza, mchanga baadaye. Weka yale makubwa na bapa moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi, juu ya karatasi nene ya plastiki ili kioo kisiumie. Mchanga umwagwe kuyazunguka. Hapo samaki akichimba, hakuna kinachoanguka.

Kumbuka uzito pia. Lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 205 hivi, kabla ya kioo na mawe. Meza ya sebuleni haiwezi. Jiwe la machimbo ni zito, kwa hiyo usipime kwa kilo, pima kwa nafasi: mawe yasizidi theluthi moja ya tangi.

Kufungamanisha

Ukuta wa Thimlich una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na katikati umejazwa mawe madogo. Kila jiwe linashikwa na wenzake. Tena ukuta haukunyooka. Unapinda, na penye udhaifu umeegemezwa nguzo ya mawe.

Nami nikafanya hivyo. Chora umbo la sakafu ya tangi kwenye boksi la katoni, upange mawe hapo kwanza, pakavu. Kila jiwe liguse mengine mahali pasipopungua patatu. Jiwe la juu lilale juu ya kiungo cha mawe mawili ya chini, kama fundi anavyopanga matofali. Panapocheza, chomeka kabari ya kijiwe. Ukimaliza, sukuma kila jiwe kwa kidole. Likitikisika, vunja uanze tena. Mimi nilivunja mara tano.

Saruji mbichi usiitumie, kwani huharibu maji kwa wiki nyingi.

Milango na njia za maji

Milango ya Thimlich ni mifupi, mtu huingia ameinama, na juu yake kuna mawe marefu yaliyolazwa kubeba ukuta. Samaki wadogo hupenda mlango kama huo, kwani mkubwa hawezi kuwafuata. Acha mapango mawili matatu, kila moja na njia mbili, ili mnyonge asizibiwe.

Usiegemeze mawe kwenye kioo cha nyuma. Acha nafasi ya upana wa kiganja pande zote, mkono upite kusafisha na maji ya pampu yazunguke. Pasipopita maji, uchafu hutuama na kuoza.

Kisha subiri

Jaza maji yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Iwe chumvi maalumu ya matangi, si ya jikoni. Washa pampu, usiweke samaki. Matundu ya mawe ndiyo makao ya bakteria wanaogeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa nitriti, kisha nitrati. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Pima maji. Amonia na nitriti zikifika sufuri, weka samaki mmoja au wawili, si kumi.

Tangi langu la pili halina jiwe lililoanguka hadi leo. Mawe yake yalitoka machimbo ya Kilifi, yakapanda basi ndani ya gunia hadi Homa Bay, na kondakta akaniuliza kama huku bara hakuna mawe. Nikamwambia yapo, tena yamepangwa vizuri kuliko yetu.