Big Star, Bendi ya Memphis
Mwaka 1971, vijana wanne wa Memphis, Marekani, waliohusudu nyimbo za Beatles na Byrds hali wenzao wakiziona zimepitwa na wakati, waliasisi bendi hii katika studio ya Ardent, wakaazima jina la duka la vyakula lililokuwa jirani.

Santuri yao ya kwanza, #1 Record ya mwaka 1972, ambayo jalada lake lina nyota ya taa za neoni, ilisifiwa mno na wahakiki, walakini usambazaji wake ulikwenda mrama hata wanunuzi wasiipate madukani; jina lile la fahari likawa mithili ya dhihaka.

Kati ya wale wanne, Chris Bell alijitoa katika bendi, akafariki kwa ajali ya gari Desemba 1978. Alex Chilton alifariki 2010, na Andy Hummel mwaka huohuo. Aliyesalia ni mpiga ngoma, Jody Stephens.