Baiskeli katika njia panda ya Kisian
Kisian ni njia panda iliyo magharibi ya mji wa Kisumu, ambapo barabara ya Busia na ya Bondo hutengana. Lami ile ile yapitwa na malori ya Uganda, matatu, na baiskeli zilizobeba abiria, samaki na makaa.

Mwaka 2020 Kaunti ya Kisumu, ikishirikiana na UN-Habitat na ITDP, ilitoa mpango wa usafiri unaowatanguliza waendao kwa miguu na wapanda baiskeli. Wanachostahili kudai wakaazi ni njia yenye ukingo wa zege. Mstari wa rangi hauzuii lori! Tena isigeuzwe kituo cha bodaboda au genge la mchuuzi, kama tuonavyo hata huku kwetu Mombasa.