Asili na Maana ya "Mpiga Kinanda": Ushahidi wa Kisumu

Wako wanaoshikilia kwamba kumwita mwenye kuliza ogani kanisani "mpiga kinanda" ni kosa la watafsiri wa misheni, kwa kuwa kinanda ni ala ya nyuzi, hali ogani hulia kwa upepo. Kuhusu asili hawakukosea. Steere, katika kitabu chake cha 1870 juu ya lugha ya Unguja, alilieleza neno hilo kuwa ni ala ya nyuzi; na tafsiri ya Biblia ya 1952 imeliweka jirani na kinubi katika Zaburi ya 150. Lakini asili ya neno haiifungi maana yake, na ushahidi wa hayo unapatikana mbali na Pwani.

Reli ilifika Kisumu, iliyoitwa wakati huo Port Florence, mwaka 1901, na Kiswahili kikapata njia pana zaidi ya kuingia katika Dholuo. Lugha hiyo haina ngeli ya KI-VI. Basi kitanda kikawa otanda, kikombe kikawa okombe, na kinanda kikawa onanda, jina la kodiani, ambayo wapigaji wake walivuma kandokando ya ziwa katikati ya karne ya 20. Kodiani nayo hulia kwa upepo, wala haina hata uzi mmoja. Ala ya nyuzi Wajaluo walikuwa nayo, nyatiti ya nyuzi nane, na jina lake halikuguswa. Yaelekea, basi, kwamba neno lilipofika ziwani lilikuwa limekwisha kuziacha nyuzi.

Mtendaji je? Mpiga hubaki na -a kwa sababu hufuatwa na yambwa, kama katika mpiga ngoma na mpiga chapa. Akiwa peke yake ni mpigaji. Jina hutaja kazi ya mkono, halitaji sauti itokako. Dholuo nayo hutumia goyo, yaani kupiga, kwa fimbo na kwa muziki pia, ijapokuwa jathum humtaja mtu kwa muziki wenyewe. "Mcheza ogani", lililopendekezwa na baadhi, ni Kiingereza kilichovishwa kanzu: anayecheza, kwa Kiswahili, huinuka akacheza ngoma.

Siku hizi makanisa mengi ya Kisumu yana vinanda vya umeme, visivyo na nyuzi wala mivuo. Aketiye mbele yake huitwa mpiga kinanda.