Kupakia upya ukurasa wa wavuti

Kupakia upya ukurasa wa wavuti ni kitendo cha kivinjari kuuomba tena kutoka kwa seva ukurasa ambao tayari umefunguliwa, kwa anwani ileile. Mtumiaji wa kawaida hubofya alama ya mshale wa mviringo au hubonyeza kitufe cha F5. Watengenezaji wa tovuti hufanya hivyo mara nyingi wanapotafuta hitilafu, ili waone kama mabadiliko ya msimbo yamefanya kazi.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa pia na mawakala wa akili unde, yaani programu zinazopewa lengo kwa lugha ya kawaida na kuendesha kivinjari zenyewe hatua kwa hatua. Kupakia upya huonekana kuwa jambo dogo, lakini kunaweza kufuta ushahidi wa hitilafu, kurudia malipo au kumaliza bando la intaneti.

Historia

Kuendesha kivinjari kwa programu kulianza kabla ya mawakala wa akili unde. Selenium ilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, Marekani. Google ilitoa Puppeteer mwaka 2017, na Microsoft ilitoa Playwright mwaka 2020. Mwaka 2018 shirika la W3C lilipitisha WebDriver kuwa kiwango rasmi. Ndani yake kuna amri maalumu ya kupakia ukurasa upya. Zana hizo hufuata maagizo yaliyoandikwa mapema.

Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza Model Context Protocol, kwa kifupi MCP, ambao ni utaratibu wa wazi wa kuunganisha modeli za lugha na zana za nje. Mwaka 2025 Microsoft ilitoa seva ya MCP ya Playwright, na Google ikatoa ya zana za uchunguzi za Chrome. Kwa njia hiyo wakala anaweza kufungua ukurasa, kusoma ujumbe wa konsoli, kukagua maombi ya mtandao na kupakia ukurasa upya bila kuelekezwa kila hatua.

Aina

* Upakiaji wa kawaida: kivinjari hutumia faili zilizomo katika akiba yake pale inapowezekana. Faili ambayo muda wake umekwisha huulizwa kwa seva. Kama haijabadilika, seva hujibu kwa namba 304 na faili haipakuliwi tena.
* Upakiaji unaoruka akiba: kila faili huombwa upya. Katika Chrome na Firefox za Windows na Linux hufanywa kwa Ctrl+Shift+R. Hufaa pale inaposhukiwa kwamba kivinjari bado kinaonyesha msimbo wa zamani.
* Kubadilisha sehemu: zana kama Vite na webpack huweza kubadilisha moduli moja tu wakati wa utengenezaji, bila kupakia ukurasa mzima.

Kinachopotea na kinachobaki

Ukurasa unapopakiwa upya, data za JavaScript zilizokuwa katika kumbukumbu ya ukurasa hupotea. Ujumbe wa konsoli nao kwa kawaida hufutwa, isipokuwa kivinjari kimewekwa kuuhifadhi. Lakini vidakuzi na data zilizowekwa katika hifadhi ya kivinjari hubaki. Hivyo hitilafu inayotokana na data mbovu katika hifadhi inaweza kuendelea hata ukurasa ukipakiwa upya mara kumi. Kinyume chake, hitilafu iliyotokana na mfuatano fulani wa vitendo inaweza kutoweka, na wakala akadhani ameirekebisha.

Vitufe na visanduku ambavyo wakala alivitambua mwanzoni havitambuliki tena kwa alama zilezile baada ya kupakia upya. Ni lazima ausome ukurasa upya kabla ya kubofya.

Muda nao ni muhimu. Playwright kwa kawaida husubiri tukio la kukamilika kwa upakiaji, na huacha baada ya sekunde 30. Hata hivyo data za ukurasa zinaweza kufika baada ya tukio hilo. Ni salama zaidi kusubiri kitu mahususi, kwa mfano jedwali au kitufe kinachotakiwa, kionekane.

Gharama na mtandao

Gharama hutegemea mahali tovuti ilipo. Bunju ni kata ya Wilaya ya Kinondoni, kaskazini mwa Dar es Salaam. Mtengenezaji wa tovuti anayefanyia kazi huko kwa bando la simu hatumii data ikiwa tovuti yote imo ndani ya kompyuta yake. Lakini ikiwa iko kwenye seva ya mbali na ina MB 3, wakala akiipakia mara 40 kwa kuruka akiba atatumia takriban MB 120. Picha za ukurasa zinazotumwa kwa modeli huongeza matumizi hayo.

Tatizo linaweza pia kuwa la mtandao wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti Tanzania na katika nchi jirani. Katika hali kama hiyo kupakia upya tena na tena hakusaidii, na wakala anaweza kubadili msimbo usio na kosa.

Hatari ya kurudia kitendo

Fomu nyingi hutuma taarifa kwa njia ya POST. Ukurasa uliotokana na fomu hiyo ukipakiwa upya, kivinjari huuliza kama taarifa zitumwe tena. Wakala akikubali, mzazi anayelipa ada ya shule anaweza kukatwa fedha mara mbili, au mfumo ukatoa namba mbili za kumbukumbu ya malipo.

Kinga ya kawaida ni seva kujibu kwa namba 303, inayokipeleka kivinjari kwenye ukurasa wa risiti. Ukurasa huo ukipakiwa upya, malipo hayarudiwi. Kinga nyingine ni kulipa kila ombi utambulisho wa pekee ili seva itambue ombi lililorudiwa. Vilevile wakala hutakiwa kufanyia majaribio kwenye mfumo wa majaribio, si kwenye mfumo wenye fedha za watu.

Utaratibu unaofaa

# Kuhifadhi ujumbe wa konsoli, orodha ya maombi ya mtandao na picha ya ukurasa kabla ya kupakia upya.
# Kuhakikisha kwamba mtandao na seva vinafanya kazi.
# Kuanza na upakiaji wa kawaida, na kuruka akiba pale tu inaposhukiwa.
# Kusubiri kitu mahususi kionekane, kisha kuusoma ukurasa upya.
# Kurudia tangu mwanzo hatua zilizoleta hitilafu, kabla na baada ya marekebisho.

Hatua ya mwisho ndiyo inayothibitisha marekebisho. Ukurasa kufunguka vizuri mara moja baada ya kupakiwa upya hakutoshi kuonyesha kwamba chanzo cha hitilafu kimeondolewa.