Kuita Msaada Ukiwa Peke Yako: Toka Lokole Mpaka Mesaji

Nchi yetu ya Ituri iko na sura mbili. Upande wa Djugu na Irumu ni vilima vya majani, ambako jicho linafika mbali. Upande wa Mambasa ni msitu, na huko jicho halifiki popote. Ndiyo sababu namna ya kuita msaada haikuwa moja. Kwenye vilima watu walipiga yowe ao pembe, na kilima cha pili kikapokea na kupeleka kwa cha tatu. Stanley alipotoka msituni mwezi wa Desemba 1887 na kuingia katika nchi ya chifu Mazamboni, sauti zilimtangulia: kabla hajafika mahali, watu walikuwa wamekwisha kujua. Tena wageni wale walisumbuka sana kutofautisha kwa mbali neno la vita na neno la amani, maana katika masikio yao yalifanana.

Msituni sauti ya mtu inamezwa na miti. Huko ilitumika ngoma ya mti uliochimbwa tumbo, ambayo wengi wetu tunaiita lokole. Mmisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, aliieleza vizuri katika kitabu alichotoa mwaka 1949. Ngoma ile haipigi alama za kubahatisha. Inafuata sauti za juu na za chini za lugha yenyewe. Na kwa kuwa maneno mengi yana sauti zinazofanana, mpigaji anarefusha neno kuwa sentensi nzima ili asikosewe. Kazi ile ilihitaji wakati na mikono miwili. Mtu aliyevunjika mguu njiani hakuwa na lokole mgongoni! Yeye alibaki na yowe lake tu.

Lakini yowe lilikuwa na sheria nyuma yake, na hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Aliyelisikia aliacha jembe akakimbia. Waganda, jirani zetu wa ng'ambo, wanaliita nduulu, na kwao vilevile mtu aliyelisikia akabaki amekaa alipaswa kujieleza. Yowe halikuchagua mtu wa kuitwa. Lilimfunga kila mwenye masikio.

Halafu ikaja foni, ile redio ya misheni na ya makampuni, iliyosemesha Bunia na vituo vya mbali kwa saa zilizopangwa. Ilisaidia sana, lakini ilikaa nyumbani, na ufunguo uko kwa mwenyewe. Telefone ya mkononi ilianza Kinshasa mwaka 1986 na Telecel, ikawa kitu cha wakubwa. Ni Celtel na Vodacom, baada ya mwaka 2000, zilizoifikisha kwa mwalimu, kwa mama wa sokoni na kwa mchimba dhahabu wa Mongbwalu.

Pamoja nayo ikaja mesaji. Ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, salamu ya Noeli tu. Herufi zake ni 160, na kwa mtu aliye peke yake porini inapita sauti kwa mambo kadhaa. Rezo ikiwa dhaifu, mazungumzo yanakatika, lakini mesaji inaweza kupenya kwa dakika moja ya bahati, mtu akipanda kilima. Simu ya anayetumiwa ikiwa imezimwa, mesaji inangoja kwenye kituo cha kampuni. Inakula bateri kidogo. Tena haina kelele: mtu aliyejificha majanini anaandika jina la kijito na la kijiji bila adui kumsikia. Yowe halikuweza hilo.

Kule Uingereza, tangu 2009, mtu akiisha kuandikisha telefone yake anaweza kuandikia 999, na Marekani ilipanua njia hiyo kwa 911 mwaka 2014, ingawa si kila mahali. Sisi hapa tunaandikia nani? Ndugu, chifu, padri, rafiki mwenye moto. Toka 2010 hivi MONUSCO ilianza kuweka mitandao ya tahadhari, watu wa vijiji wakipewa telefone na namba za kuita kambi. Mahali pengi imeokoa watu. Mahali pengine mesaji ilifika, ila gari halikutoka.

Ukimya nao tumeuona bei yake. Tarehe 14 mpaka 17 Desemba 2009, katika eneo la Makombo huko Haut-Uele, tuliokuwa nao jimbo moja la Orientale wakati ule, waasi wa LRA waliua watu wasiopungua 321 na kuteka wengine 250 hivi. Dunia ilipata habari kamili mwishoni mwa Machi 2010, maana huko hakukuwa na rezo. Baadaye Kanisa Katoliki na wasaidizi wake walitandaza foni vijijini, kila siku kijiji kikasema kama kimelala salama. Chombo cha zamani kikarudi pale ambapo kipya hakikufika.

Na hata palipo na rezo, kuna mkono unaoweza kuifunga. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ilizuia mesaji nchini kote kwa zaidi ya wiki tatu. Viziwi ndio walioumia kuliko wote, kwani kwao mesaji ndiyo yowe lenyewe. Zikakatwa tena Januari 2015, na tena toka 31 Desemba 2018 kwa karibu wiki tatu, wakati ambapo Ebola ilikuwa inaua Mambasa na Beni.

Siku zile, mama anayekwenda shamba la mbali alimwambia jirani njia atakayopita na saa atakayorudi, na jirani akaangalia jua.