Vizuia-joto vya injini: fundi achague kipi?

Fundi wa jua kali anayejichongea kipande cha kutenganisha kabureta na manifoldi, au ngao ya bomba la ekzosi, hukabiliwa kwanza na suala la malighafi. Kosa la kawaida ni kutaka kitu kimoja kitumike kila mahali, ilhali joto la injini hutofautiana mno kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Chini ya kabureta hakuna moto mkali. Hata hivyo, petroli huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 40 hivi za selisiasi, na ndiyo sababu gari kuukuu lililozimwa kwa dakika chache hugoma kuwaka. Hapo panafaa bao la bekelaiti, ambalo hupitisha joto mamia ya mara chini ya aluminiamu na haliharibiwi na petroli. Mpira wa tyubu, ambao hupatikana kwa urahisi, huvimba ukilowa mafuta. Plastiki ya ndoo nayo hulainika na kuruhusu hewa kupenya.

Kwenye ekzosi mambo ni mengine kabisa. Gesi za injini ya petroli inayovuta mzigo zaweza kupita nyuzi 800, nayo aluminiamu huyeyuka kwenye 660. Bekelaiti itaungua. Kanda za nyuzi za kioo za kawaida huhimili takribani nyuzi 540, na zile za silika hukaribia 1,000. Lakini kanda hunasa unyevu na kuozesha bomba kwa kutu, na ikinyonya oili inayovuja yaweza kushika moto. Mara nyingi bati la chuma lililofungwa kwa kuachiwa nafasi ya sentimita moja au mbili hutosha, kwani hewa yenyewe ni kizuia-joto, tena ya bure.

Asbesto iepukwe kabisa, ingawa huhimili moto vizuri. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu taka huiorodhesha miongoni mwa taka hatari. Vumbi lake husababisha saratani, na ugonjwa waweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Fundi kijana hatahisi lolote leo. Gasketi za magari ya zamani, pamoja na bitana za breki na klachi, huenda zikawa nayo. Zisikwanguliwe zikiwa kavu wala kupulizwa kwa kompresa. Ziloweshwe maji kwanza, na mabaki yafungwe ndani ya mfuko imara, mbali na watoto.