Mgao na Kukatika: Historia ya Umeme wa Kidatu

Neno umeme, kabla ya kuitwa kwalo nguvu ipitayo katika waya, lilikuwa jina la mwako wa ghafula uonekanao mbinguni wakati wa mvua. Wakenya wengi walishika stima, neno lenye asili ya mvuke. Tanzania ilishika neno la radi. Lakini nguvu hiyo inapokosekana, Watanzania wana maneno mawili, mgao na kukatika, na historia ya Kidatu yaonyesha kwamba hayo ni mambo mawili yasiyofanana.

Reli iliyotoka Kilosa ilifika Mikumi mwaka 1960, kisha ikaendelea hadi Kidatu, mahali Mto Ruaha Mkuu ushukapo kuingia katika bonde la Kilombero. Huko mitambo ya kwanza, yenye megawati 100, ilianza kazi mwaka 1975; kufika 1980 jumla ilikuwa 204. Nyaya za kilovolti 220 zikatandazwa juu ya nguzo za chuma, zikapita pande za Mikumi hadi Morogoro, na kutoka hapo hadi Ubungo, Dar es Salaam.

Bwawa la Mtera lilijengwa huko juu ili kuweka akiba ya maji. Hata hivyo, ukame ulipozidi, kama miaka ya 1992, 1994 na 2006, akiba hiyo haikutosha. Nyaya zilikuwa nzima. Kilichopunguka ni maji. Ndipo likatumika neno mgao, kutokana na kugawa, kama chakula haba kigawanywavyo nyumbani. Mgao una mgawaji, na una zamu.

Kukatika hakuna mgawaji wala zamu. Tena mara nyingi waya wenyewe haukukatika: radi imepiga, au tawi limegusa, au moshi wa nyika ichomwayo umefungua njia ya umeme kuruka. Swichi za ulinzi hujifungua kabla nukta moja haijatimia, ili mitambo isiharibike. Hivyo umeme wa mbinguni huzima umeme wa waya. Mzigo ukihamia njia nyingine nazo zikielemewa, hujifungua pia. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani, ingawa mvua za mwaka huo zilikuwa nyingi mno. Huo haukuwa mgao.

Tangu tarehe 25 Julai 2024 treni ya umeme iendayo Dodoma hupita Kilosa, na kwa msafiri wake tofauti hii si ya kamusi tu. Bwawa jipya huponya mgao, lakini haliponyi kukatika. Dawa yake ni njia ya pili, nguzo zitunzwazo, na vichaka vifyekwavyo kwa wakati. Basi atumiaye neno moja mahali pa jingine huficha sababu, na sababu ikifichwa, fedha za matengenezo huenda mahali pasipo na ugonjwa.